Njia ya bomba la gesi mjini: GIS (programu ya ramani) inanipitisha vichochoroni

Mpangaji: Habari wakuu. Napanga bomba la kusambaza gesi asilia, PE100 SDR 11 (plastiki ya polyethilini, unene wa ukuta ni 1/11 ya kipenyo), kipenyo mm 180, presha bar 4, kama kilomita 3 katikati ya mji. Ramani nimeigawa seli za mita 5, kila seli ina gharama ya uchimbaji (70%) na alama ya hatari (30%), halafu nikatafuta njia nafuu kwa algorithimu ya Dijkstra. Imetoka zigizaga, inakatiza vichochoro na kubanana na maji taka. Nibadilishe asilimia?

Mchora Ramani: Asilimia hazitakusaidia mkuu. Ukishajumlisha hatari na gharama, udongo laini unafidia hatari, na hapo ndipo njia inapojipenyeza ukutani mwa nyumba. Palipo chini ya majengo, ndani ya umbali uliokatazwa na kanuni, au mahali gari la dharura haliingii, futa seli kabisa. Zigizaga ina chanzo chake: kagua kama hatua ya mshazari imezidishwa kwa 1.41, maana ni ndefu kuliko ya moja kwa moja, na kila kona ilipiwe elbo (kipande cha kona) na viungo vyake viwili. Mimi ningeiacha gridi hiyo ya seli. Tumia mtandao wa barabara, upande wa kushoto na wa kulia kila mmoja njia yake, maana vilivyozikwa pande hizo mbili havifanani.

Mpangaji: Asante. Na maji taka? Kufuata mtaro wao kunapunguza sana uchimbaji.

Mkaguzi: Usifuate. Gesi ikivuja chini ya lami haipati pa kutokea juu. Inatambaa kwenye kifusi kilicholegea hadi ndani ya bomba la maji taka au la nyaya, kisha inaibukia ndani ya nyumba. Methani huwaka ikiwa 5 hadi 15% ya hewa, na udongo unaweza kunyonya harufu inayoongezwa kwenye gesi ili uvujaji ujulikane, kwa hiyo mwenye nyumba asisikie kitu. Kaa mbali pia na mabomba ya maji moto: nguvu ya PE hukadiriwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi, joto likipanda inashuka. Kabla ya kuamua, chimba mashimo ya majaribio kwa mkono kila mahali njia yako inapokutana na bomba au nyaya nyingine. Rada ya ardhini haioni mbali kwenye mfinyanzi wenye maji, na ramani za zamani zinakosea.

Mchimbaji: Naongeza moja. Ukivuka barabara kwa kutoboa mlalo badala ya kukata lami, bomba likishatoka kagua kichwa chake: mkwaruzo unaozidi 10% ya unene wa ukuta (hapo ni kama mm 1.6) kata kipande hicho. Kisha pitisha kamera ndani ya maji taka yote yaliyo kwenye mstari huo. Bomba la gesi linaweza kutoboa la maji taka na likakaa humo miaka bila kuvuja. Siku choo kikiziba, mzibuaji analikata na mashine yake.