Naombeni ushauri: miezi miwili najifungia na bibi Ujiji, upweke unanimaliza

Mjukuu_Ujiji (12 Mei 2020)
Wakuu salaam, Ramadhani njema kwa mliofunga. Nipo Ujiji, Kigoma, tangu vyuo vifungwe Machi kwa sababu ya korona, nilitoka Dar nikaja moja kwa moja kwa bibi maana anaishi peke yake na ana sukari na presha, na wenye sukari ndo ugonjwa huu unawashika vibaya, nikaona nisijaribu. Huku hakuna aliyetufungia, soko wazi, misikiti wazi, wenzangu jioni wapo ufukweni wanacheza mpira, mimi ndo nimejifungia mwenyewe. Sokoni naenda mara moja kwa wiki na barakoa, nikirudi nanawa kwenye ndoo ya koki mlangoni, naoga, ndo naingia. Washkaji wanasema najidai msomi wa Dar, siku hizi hata hodi hawapigi.

Kinachoniumiza zaidi ni futari. Kwetu tangu nipate akili tunakula sinia moja, sasa bibi namuwekea sahani yake kibarazani mimi nakaa na yangu chini ya mwembe, hatua kama nne hivi. Juzi akasahau, akanimegea kipande cha samaki, mgebuka, akaninyooshea kama zamani, mimi nikasita, akaurudisha mkono taratibu akaufutia kwenye kanga. Sikulala usiku ule. Mchana nalala, usiku nipo kwenye simu mpaka daku, madaftari ya chuo sijayagusa, nahisi naoza jamani. Mliopitia haya mlifanyaje?

Kijana_Mwanga
Dogo unajitesa bure, toka nje, mlinzi ni Mungu.

mama_Katonga
@Kijana_Mwanga usimwambie hivyo, mimi mama yangu ana sukari, kidonda kidogo tu kinamlaza wiki tatu. Mwanangu endelea hivyo hivyo. Ila la mkono usiliache, mwambie kwa mdomo wako kwamba unamhofia yeye, sio unamkinai. Wazee hawasemi lakini wanaweka moyoni.

Fundi_wa_Kigali
Mimi wa Kigoma ila nipo Kigali, tulifungiwa kuanzia 22 Machi mpaka 4 Mei walipolegeza kidogo, ukitoka bila sababu polisi wanakurudisha. Wiki ya kwanza nililala mpaka kichwa kikawa kinauma. Kilichonitoa ni kuiacha simu jikoni usiku, na kila asubuhi nishone kitu kimoja kiishe, hata foronya. Kimoja tu mdogo wangu, usijipangie kumi.

Mzee_wa_Reli_Tabora
Mjukuu wangu, unalia upweke na bibi yupo hatua nne? Wengi wa umri wake huko Ujiji walisoma madrasa na wakiandikiana barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Muulize kama anazijua bado, akufundishe, kusoma hakuhitaji kushikana mikono. Na alfajiri shuka ziwani utembee, saa zile unakutana na wavuvi tu wanarudi na taa zao.

Mjukuu_Ujiji (22 Mei 2020)
Wakuu nimerudi. Nilimwambia bibi kama mama wa Katonga alivyosema, akanyamaza wee, akasema "nilijua, nilitaka unitamkie tu." Mzee wa Tabora Mungu akuweke, nilipouliza habari ya herufi akaingia ndani akatoka na sanduku la bati, barua za babu alipokuwa akifanya kazi ng'ambo, Kongo. Sikuwahi kujua zipo!! Sasa kila baada ya alasiri anaandika kwa mkaa kwenye mlango wa uani, akishakaa mbali mimi ndo naenda kunakili chini yake. Barua ya kwanza imenichukua siku tatu, nikasoma "nimebata shati", bibi akacheka mpaka akajifunika kanga, kumbe ni "nimepata", wazee p na b wote waliandika kwa be.

Usingizi umerudi, simu inalala jikoni. Jana wametangaza vyuo vinafunguliwa 1 Juni na barua zipo kumi na nne, nimesoma mbili, kwahiyo nazipiga picha zote niondoke nazo. Sahani bado mbili. Ila mkeka sasa tunatandika mmoja, ule mrefu, yeye mwisho huu mimi mwisho ule.