Filta ya nyumba nzima kwa maji ya kisima, Kiembeni: nifunge au niache?

BintiKiembeni

Assalam alaykum na hamjambo ndugu zangu. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa.

Tunakaa Kiembeni, Mombasa, watu sita pamoja na mama yangu ambaye ana presha. Maji ya mfereji huja kwa zamu, aghlabu usiku, na wiki nyingine hayaji kabisa. Kwa hiyo siku nyingi tunategemea kisima cha hapa uani, na maji yake ni ya chumvi. Sabuni haitoi povu. Shawa imeziba kwa magamba meupe, ukiigonga yanadondoka vipande kama maganda ya mayai. Elementi ya shawa ya umeme ndiyo usiseme, kila tukibadilisha inaungua. Ya kunywa na ya chai tunanunua mitungi ya maji matamu kwa wenye mikokoteni.

Sasa amekuja muuzaji, ametupigia hesabu ya laki moja na ishirini: vile vikombe vikubwa vya filta, vya buluu, vya inchi 20, vitatu, pamoja na tangi la kulainisha maji. Anasema vikifungwa kwenye bomba kuu nyumba nzima itapata maji matamu, hata ya kunywa. Alichukua gilasi mbili, moja ya maji yetu na moja ya maji ya chupa, akatia kifaa chenye vijiti vya chuma kila upande, akakichomeka kwenye umeme. Haukupita muda maji yetu yakageuka rangi ya kutu, juu yakafanya utando mchafu. Ya chupa yakabaki vilevile. Mama aliingiwa na hofu, akauliza ni uchafu gani huu tumekuwa tukiogea miaka yote.

Nauliza mambo mawili. Hii filta kweli inaondoa chumvi? Na ile kutu ni nini?

FundiWaMvita

Wa alaykum salaam dada. Nianze na hiyo kutu, maana mchezo huo unaniudhi sana. Unafanyiwa watu wazima wenye hofu ya afya zao, na wanalipa.

Vile vijiti ni vya chuma. Umeme ukipita kwenye maji yenye madini, chuma kinaliwa na kuingia ndani ya gilasi. Rangi imetoka kwenye vijiti, haikutoka kisimani kwenu. Maji mengi ya chupa yamepunguzwa madini, hayapitishi umeme vizuri, ndiyo maana hayakubadilika. Akirudi, mwombe atie chumvi kidogo ya jikoni kwenye gilasi ya maji ya chupa kisha achomeke tena. Yatageuka kutu mbele ya macho yenu. Mwambie mama atulie.

Swali la chumvi: hapana. Kikombe cha kwanza kinashika mchanga, matope na kutu ya bomba. Kaboni, yaani mkaa wa kuchujia, inashika harufu, rangi na klorini. Chumvi imeyeyuka ndani ya maji, inapita kwenye vikombe hivyo vyote kama haikuona kitu. Tangi la kulainisha nalo lina punje za resini zinazoshika kalisi na magnesi, yaani ile chokaa inayoziba shawa, na badala yake linatoa sodiamu. Sabuni itatoa povu, elementi itadumu, lakini ladha ya chumvi itabaki palepale.

Chumvi inaondolewa na mashine ya RO, ile inayosukuma maji kwa nguvu yapite kwenye utando mwembamba mno. Ya nyumba nzima ni ghali kununua na kuendesha, na sehemu kubwa ya maji inamwagwa. Kwa nyumba ya watu sita mimi siishauri.

Kabla ya yote nunua kipimo cha TDS, yaani jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka ndani ya maji, kile kama kalamu, si ghali. Pima kisima, pima mfereji, pima mtungi wa mkokoteni. Tuletee namba hapa.

MamaWaLikoni

Mimi ninayo hiyo ya kulainisha. Nakwambia ukweli mwenzangu: kwa kufua na kuoga imenipa raha. Nguo hazikakamai kwenye kamba, na nywele za wanangu zinachanika. Lakini chai yangu bado naipika kwa maji ya mtungi. Na kumbuka inakula magunia ya chumvi ya kuoshea zile punje, gharama ambayo muuzaji haitaji siku ya kwanza.

MzeeTudor

Wanangu, kabla ya mashine kuna mvua. Wazee wetu waliishi kwenye mji huu wenye visima vya chumvi wakihifadhi maji ya mvua kwenye mabirika ya mawe. Hata Ngome ya Yesu ina birika lake mpaka leo.

Hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Mombasa hupata kiasi cha milimita 1,000 kwa mwaka, nyingi zikiwa za masika. Paa la mita 100 za mraba, ukiondoa yanayopotea, litakupa kama lita 80,000 kwa mwaka. Huwezi kuyahifadhi yote, hilo najua, lakini tangi la lita 10,000 likijaa mwezi wa tano linakunywesha nyumba muda mrefu. Mvua haina chokaa wala chumvi ya kisimani. Mvua ya kwanza ya msimu iache imwagike, maana inaosha vumbi na mavi ya ndege. Funika tangi, weka wavu wa mbu, na ya kunywa uyachemshe.

BintiKiembeni

Shikamoo mzee wangu, ahsante. Paa letu ni la mabati, sikuwahi kulifikiria hivyo. Fundi, kipimo nitakitafuta kesho mjini.

MzeeTudor

Marahaba mwanangu. Mabati ndiyo mazuri zaidi kwa kazi hiyo. Anza na mifereji ya paa, tangi lifuate.

Tumbawe_na_Maji

Nimesomea mambo ya maji ya chini ya ardhi, niongeze hapa, kwa sababu kichujio hakitasaidia ikiwa kisima chenyewe kinaharibiwa.

Sehemu kubwa ya ukanda wetu wa ufukweni imekaa juu ya mwamba wa tumbawe. Mwamba huu una matundu na nyufa, na ni chokaa tupu. Maji ya mvua yanapopenya yanaibeba chokaa hiyo, na ndiyo magamba yako ya shawa. Chumvi ni habari nyingine. Chini ya ardhi maji matamu huelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kwa kanuni ya kawaida, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari imebebwa na kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Geuza hesabu hiyo: ukivuta maji mpaka kina kishuke mita moja, maji ya chumvi yanaweza kupanda mita nyingi kutoka chini. Mota ikivuta kwa nguvu mfululizo, chumvi inapandishwa mpaka mdomoni mwa bomba.

Kwa hiyo vuta kidogo kidogo, mara nyingi, badala ya kujaza tangi kubwa kwa mpigo mmoja. Usikubali mtu akuambie chimba zaidi utapata maji matamu, kwa pwani yetu kuchimba zaidi mara nyingi ni kuifuata bahari. Na pima TDS bahari ikiwa imejaa na ikiwa imekupwa, kama kisima kiko karibu na bahari au mkondo utaona tofauti.

JamaaWaMtwapa

Mnamchosha dada wa watu. Anunue mitungi tu, atie dawa ya klorini, maisha yaende. Laki moja na ishirini ni mitungi mingapi?

NesiPwani

Kaka, mitungi sawa, lakini ya watu sita kuoga, kupika na kufua? Na hujui mtungi umejazwa wapi. Wengine wanajaza visimani, na mtungi wenyewe huoshwa mara chache.

Dada Kiembeni, mimi nina wasiwasi na jambo ambalo halijatajwa bado. Kisima kiko umbali gani na choo cha shimo au tangi la maji taka, lenu na la jirani? Maafisa wa afya huhimiza angalau mita 30, lakini kwenye tumbawe maji hupita kwenye nyufa upesi, kwa hiyo hata umbali huo si dhamana. Vikombe vya buluu haviui vijidudu. Kaboni ikichakaa huwa makazi yao. Kuna taa ya miale inayoua vijidudu, lakini inataka maji yawe meupe kabisa, na umeme ukipotea haifanyi kazi.

Kingine ni naitreti kutoka maji taka. Haina rangi, ladha wala harufu, na kuchemsha hakuiondoi, kunaizidisha kwa kuwa maji yanapungua. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaokunywa maziwa ya kopo. Kama nyumbani kuna mtoto, au mnatarajia mmoja, maji ya kisima yasiguse chupa yake kabla ya vipimo vya maabara. Mkemia wa Serikali ana maabara hapa Mombasa. Ulizia chupa ya sampuli na maelekezo ya kuchukua, sampuli ya vijidudu haichukuliwi na chupa yoyote ile.

Kuhusu mama: maji ya kisima cha chumvi yana sodiamu tayari, na tangi la kulainisha linaongeza. Kila miligramu 100 za ugumu zinazoondolewa katika lita moja huacha kama miligramu 46 za sodiamu. Kwa kuoga haina neno. Kwa kunywa na kupikia, mama mwenye presha asipewe maji hayo, na mmweleze daktari wake mnavyokunywa nyumbani.

BintiKiembeni

Dada Nesi, Mungu akubariki. Choo cha jirani kiko nyuma ya ukuta wetu, hakifiki mita 30, nimehesabu hatua. Sampuli nimepeleka, nasubiri majibu.

Namba za kipimo ndizo hizi, kwa miligramu kwa lita. Kisima asubuhi 1,980, mota ikishavuta muda mrefu 2,340. Mfereji 410. Mtungi wa mkokoteni wa jana 430, lakini wa leo, kwa mtu mwingine, 1,260! Na nilikuwa nikiwapa watu chai hiyo nikiita maji matamu.

Tumbawe_na_Maji

Umejionea mwenyewe mota inavyopandisha chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema maji yaliyo chini ya 600 hivi huonekana mazuri kunywa, yakizidi 1,000 ladha huzidi kuharibika. Kipimo hicho hakioni vijidudu wala naitreti peke yake, kwa hiyo majibu ya maabara usiyaache.

FundiWaMvita

Sasa tuna kitu cha kushika. Dada, jawabu lenu ni kutenganisha maji, na filta ifuate baadaye.

Mna matangi mangapi juu? Tangi moja liwe la kisima, na bomba lake liende vyooni, kwa kudeki na kwa bustani tu. Choo peke yake kinakula maji mengi sana ya nyumba, hakina haja ya maji matamu. Tangi la pili liwe la mfereji, liende jikoni na bafuni. Likiwa kubwa vya kutosha, usiku maji yanapokuja linajaa na kukuvusha hadi zamu nyingine. Matangi haya yasikutane popote kwa bomba. Fundi akikwambia atie koki moja katikati ili ufungue pakikosekana maji, mkatalie. Siku koki ikivuja, maji ya kisima yatakuwa jikoni na hamtajua.

Kwenye maji ya mfereji weka kikombe kimoja tu cha kuchuja mchanga, cha maikroni 20, kabla ya tangi. Kaboni usiweke hapo. Kaboni inaondoa klorini, na maji yasiyo na klorini yakikaa tangini kwenye joto letu hili yanaota vijidudu. Kaboni ikae chini ya sinki la jikoni, karibu na mdomo wa kunywa. Mkitaka RO ndogo kwa ajili ya mama, ikae hapohapo na ilishwe maji ya mfereji. Ikilishwa ya kisima, utando wake utachoka mapema. Yale maji inayoyamwaga, kinga kwenye ndoo, deki nayo.

Tangi la kulainisha liache kwanza. Shawa ikipata maji ya mfereji magamba yatapungua sana. Baada ya miezi ukiona bado yanakusumbua, tutazungumza.

Na presha ya maji bombani, ambayo hupimwa kwa ba: kila mita 10 za kimo ni ba moja tu. Tangi lililo mita tatu juu ya shawa linatoa ba 0.3, ukiyapitisha maji yake kwenye kikombe cha filta shawa itadondoka matone. Ndiyo sababu nyingine ya kukiweka kikombe upande wa maji yanayoingia.

BintiKiembeni

Matangi yapo mawili, yote sasa yanachanganywa. Muuzaji nimemwambia hapana. Alipunguza bei papo hapo, nikamwambia shida yangu si bei. Jumamosi fundi wa mtaani anakuja kutenganisha mabomba, na mifereji ya paa ya mzee nimeiweka kwenye hesabu kabla ya masika. Kuna cha kumwangalia fundi huyo?

FundiWaMvita

Vipo. Kikombe kisikae juani, plastiki inapasuka na ndani panaota ukijani. Weka koki kabla yake na baada yake, na njia ya pembeni ili siku ya kubadilisha katriji, lile chujio la ndani ya kikombe, maji yasikatike. Geji mbili za presha, moja kila upande. Siku ya kwanza andika namba zake ukutani kwa kalamu ya wino mzito, tofauti ikizidi hapo kwa nusu ba, katriji imejaa. Bomba za kisima apake rangi tofauti na za mfereji, toka tangini hadi kila koki, ili fundi atakayekuja miaka mitano baadaye asiziunganishe. Na kabla hajafukia wala kupiga plasta, ajaze mabomba, afunge koki zote, yakae usiku kucha. Asubuhi geji ikiwa imeshuka, asilipwe mpaka apate panapovuja.