Kumwondoa asiyestahili hata kama inatugharimu zaidi: haki au hasira?

Mwanzisha mada: Wakuu, jana barazani hapa Dunda, Bagamoyo, tulibishana mpaka kahawa ikaisha. Mzee mmoja anataka ruzuku ya TASAF, mfuko wa serikali unaozipa fedha kaya maskini, ifutwe kwa kila kaya yenye mtu mwenye nguvu za kufanya kazi. Nikamuuliza, na kama kuwachuja kutakula pesa nyingi kuliko zitakazookolewa? "Hata kama. Kanuni ni kanuni."

Nikampa mfano wa Florida, Marekani. Mwaka 2011, chini ya gavana Rick Scott, waombaji wa msaada wa fedha waliamriwa wapimwe kwanza dawa za kulevya. Kwa miezi michache walipimwa watu zaidi ya 4,000, wakanaswa 108. Waliokutwa safi jimbo liliwarudishia gharama za kipimo, jumla zaidi ya dola 118,000. Hizo ni nyingi kuliko ambazo wale 108 wangelipwa! Mahakama ikaizuia sheria mwaka huohuo, na jimbo likakata rufaa.

Sasa hoja ya kuokoa kodi ikishakufa hivyo, mtu anatetea nini?

Mkwezi wa Kaole: Anatetea adabu ya kijiji. Nina jirani, kijana wake mzima anaendesha bodaboda, na kaya yao imo kwenye orodha. Sisi tunaopanda minazi tukiona hivyo tunavunjika moyo, kesho hata mchango wa darasa hatutoi. Hasara hiyo mnaiandika daftari gani? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Mamalishe Magomeni: Jembe umpe nani, kaka? Wanaopokea ninaowajua mimi ni vikongwe wanaolea wajukuu. Halafu msiongee kama hili jambo ni geni kwetu. Ruzuku hii ilijaribiwa hapahapa Bagamoyo, pamoja na Kibaha na Chamwino, kuanzia 2010, kabla ya mpango wa kunusuru kaya maskini kusambaa nchini. Sharti lilikuwa watoto waende shule na kliniki. Tathmini ilipofanyika, walengwa hawakukutwa wamelala: walikuwa wameongeza kuku na mbuzi, na wengi zaidi walikuwa wamejiunga na bima ya afya ya jamii, CHF. Huyo wa bodaboda atolewe, sina neno. Lakini yeye mmoja ndiye mnataka awe sura ya wote.

Mdau: Majina si yanapitishwa kwenye mkutano wa kijiji? Mkwezi, siku hiyo ulinyoosha mkono?

Mkwezi wa Kaole: Ninyooshe nipate uhasama? Jirani huyohuyo ndiye atakayenizika. Waje wakaguzi kutoka mbali, gharama zao ziwe zozote.

Mwanzisha mada: Haya, sasa tunaelewana. Gharama unaikubali kwa sababu wewe huitoi, si ya shilingi wala ya ujirani. Mtu akisema wazi "nataka asiyestahili atolewe, na niko tayari kulipia," namheshimu kuliko anayejificha nyuma ya kubana matumizi. Ila alipie bei yote. Ukaguzi ukikazwa, kijana wa bodaboda ana simu na maneno, atajieleza. Bibi asiye na kitambulisho cha taifa, cha NIDA, ndiye jina lake litakatwa mwanzo.

Mamalishe Magomeni: Na akikatwa, atakuja kukopa wali kwangu.

Mkwezi wa Kaole: Ya NIDA ni tatizo jingine, msinitwishe mimi. Na kusema siilipi si kweli, nazi zangu zinatozwa ushuru. Wakaguzi waje.