Aliyeuawa bila sababu yenye kichwa wala miguu: ulitaka haki gani, na ulipata nini? Tupeane uzoefu

Mwanzisha mada

Wakuu, habari zenu. Haya maneno nimeyaandika na kuyafuta mara tatu, kwa hiyo mkiona yanarukaruka mnivumilie.

Mdogo wangu wa kiume aliuawa miaka sita iliyopita. Hakuwa mwizi, hakuwa na deni, hakutembea na mke wa mtu. Nayataja haya kwa sababu ndiyo maswali niliyoulizwa msibani, kwa sauti ya chini, na watu waliokuja kunipa pole. Alichofanya ni kumwomba kijana wa nyumba ya pili apunguze sauti ya redio. Ilikuwa saa nne usiku na mtoto wake alikuwa na homa. Yule kijana akapunguza kweli, mdogo wangu akarudi ndani. Dakika chache baadaye akaitwa mlangoni, akachomwa kisu mara mbili.

Kwa muda mrefu nilitafuta sababu. Niliamini kuna jambo ninafichwa, labda fitina ya zamani au mwanamke. Ningekuwa radhi hata kusikia kwamba mdogo wangu ndiye mkosaji, maana walau kifo chake kingepata pa kuegemea. Shahidi wa mwisho alipomaliza nikajua hakuna kingine. Ni redio tu.

Wiki ile ya kwanza mtaa mzima ulikuwa wetu. Vijana wanataka kuchoma nyumba ya kina yule kijana, wazee wanawazuia, kila mdomo unasema anyongwe. Kesi ilipofikisha miezi tisa, kwenye benchi la mahakamani tulibaki mimi na wifi yangu, mtoto mgongoni. Hukumu ilisomwa mwaka wa tatu, kifungo kirefu. Simu zikaanza kuingia za kunipongeza. Kunipongeza! Nilifika nyumbani nikafua nguo.

Kwa waliopitia: wakati ule ulitaka nini? Ulipata nini? Na leo unaonaje? Msiopitia mnakaribishwa pia, ila kwa adabu.

Jabali

Pole sana dada. Nitakuwa wa kwanza kusema lisilopendeza, maana najua watakuja watu wa msamaha.

Baba yangu aliuawa na mtu aliyempa lifti. Alimhurumia amesimama kwenye mvua. Nilitaka anyongwe, jaji akampa kifungo cha maisha, na mpaka leo nataka anyongwe. Wanasema chuki humla aliyeibeba. Mimi nakula vizuri na nalala vizuri. Kinachonichoma ni kwamba yeye ana siku ya kutembelewa. Mama yake humpelekea sabuni na huzungumza naye. Mimi nikienda kumtembelea baba yangu nang'oa majani.

Mpita Njia

Hilo swali la "kwani alifanya nini?" lipigwe marufuku msibani. Muulizaji anajitafutia usalama wake: akisikia marehemu alikuwa na kosa, atalala akijua yeye hana kosa hilo.

Tone la Mvua

Dada, umetaja vijana waliotaka kuchoma nyumba. Naomba niseme jambo ambalo hata mume wangu sijamsimulia lote.

Binti wa jirani yetu aliuawa njiani akitoka kazini. Habari ilipofika tulitoka wote, wanawake kwa wanaume. Mbele kidogo tukakutana na mwanamume, shati limelowa damu, anahema, hawezi kuzungumza vizuri. Mtu mmoja akapaza sauti, "Ndiye huyu!" Sikumwona aliyesema na hakuna aliyemwona. Nilikuwa na jiwe mkononi. Sikumbuki nililiokota wapi.

Polisi waliwahi kumnyang'anya kwetu akiwa hai. Ile damu ilikuwa ya kumbeba yule binti. Ndiye aliyemkuta akiwa bado anapumua, akamtafutia gari, gari likampeleka hospitali, yeye akabaki akirudi kwa miguu kuja kutuambia. Aliyeua alikamatwa wiki mbili baadaye, mpenzi wa zamani wa marehemu, ambaye siku ya mazishi alishika jeneza.

Yule msamaria jicho lake la kushoto halikupona. Sijui kama ni jiwe langu. Kwenye kundi hakuna risiti, kila mtu anaweza kujiambia la kwake halikufika. Nimewahi kumfuata kumwomba radhi, akaniuliza, "Wewe ulikuwa wa wapi kati yao?" Nikashindwa kumjibu.

Kwa hiyo nikisikia watu wanasema sheria inachelewa, tungemalizana naye palepale, mimi huwa nakaa kimya na kuangalia mikono yangu.

Mpita Njia

Na hata dola yenyewe hukosea kwa utulivu kabisa, tena kwa mihuri. Iwao Hakamada wa Japani, aliyekuwa bondia, alikamatwa 1966 kwa mauaji ya watu wanne wa familia moja, akahukumiwa kifo 1968. Alitoka gerezani 2014 ili kesi isikilizwe upya, na Septemba 2024 mahakama ikasema hana hatia. Alikuwa na miaka 88. Kila siku kwa miongo kadhaa aliamka bila kujua kama ndiyo siku yenyewe.

Jabali

Wangu alikiri.

Mpita Njia

Hakamada naye alikiri, mkuu. Alihojiwa siku kwa siku mpaka akasaini, kisha mahakamani akakana.

Jabali

Wangu alikamatwa na saa ya baba mkononi na funguo za gari mfukoni. Msinichanganyie mambo. Nakubali ushahidi uwe mzito kuliko mlima, lakini ukishakuwa mzito kuliko mlima, nini kinafuata? Kule Norway mtu aliua watu 77 siku moja, Julai 2011, akapewa miaka 21. Najua, najua, muda unaweza kuongezwa akionekana bado ni hatari. Lakini gawanya 21 kwa 77 uniambie kila roho ilithaminiwa kwa miezi mingapi.

Karani Mstaafu

Nimekaa na majalada ya kesi karibu maisha yangu yote ya kazi. Ndugu Jabali, hiyo hesabu yako nimeona familia nyingi zikiipiga kwenye korido, na haijawahi kutoka sawa hata adhabu ikiwa kubwa kiasi gani. Sikukosoi. Naomba niongeze mambo ambayo laiti familia zingeambiwa mapema.

Kwanza, mahakamani wewe si mwenye kesi. Nchi nyingi kesi ya mauaji ni kati ya serikali na mshtakiwa. Ndugu wa marehemu ni shahidi, au mtazamaji tu. Hili huwaumiza watu kuliko hukumu yenyewe. Wanaona mshtakiwa ana wakili, wanauliza wakili wetu yuko wapi. Mwendesha mashtaka anasimamia kosa dhidi ya jamii nzima. Anaweza kupunguza shtaka na wewe ukasikia siku hiyohiyo kama mgeni. Mtafuteni mapema, mwulizeni maswali, mwacheni namba ya simu ya mtu mmoja atakayewaambia wengine.

Pili, maneno. Karani akisoma "kuua bila kukusudia" kuna mama atapiga yowe, kwa sababu anasikia kwamba mwanawe amekufa kwa bahati mbaya. Sheria haimaanishi hivyo. Inapima kilichokuwa kichwani mwa muuaji wakati ule: je, alidhamiria kuua au kudhuru vibaya, au alichokozwa akapoteza akili kabla hasira haijapoa? Ndiyo maana kwenye ugomvi wa redio, zile dakika chache kati ya kupunguza sauti na kugonga mlango huwa ndiyo kesi yote. Mawakili watazivuta huku na huku siku nzima. Jiandae kusikia mdogo wako akielezwa kama mchokozi.

Tatu, vielelezo. Nguo zitatolewa kwenye mfuko, zimekauka. Hakuna atakayekuonya. Mwombe mwendesha mashtaka akuambie siku hiyo ni lini, na uende nje bila aibu. Nilishuhudia baba mtu mzima akianguka kwa kuona kiatu tu.

Kesi kuahirishwa: shahidi hajafika, daktari aliyepasua maiti amehamishwa, ripoti ya akili haijarudi, jaji anaumwa. Zipo sababu za haki na zipo za uzembe, na ukiwa kwenye benchi huwezi kuzitofautisha. Na pale sheria inaporuhusu, andikeni maelezo ya jinsi kifo kilivyowaathiri, yasomwe kabla ya adhabu. Azimio la Umoja wa Mataifa la 1985 kuhusu waathirika wa uhalifu linataka wasikilizwe na wapewe taarifa za mwenendo wa kesi. Mezani mwangu nililiona likifuatwa mara chache. Ulizeni pia kama mtajulishwa siku akiachiwa. Msije mkakutana naye dukani.

Mwanzisha mada

Mzee wangu, shikamoo. Zile dakika ziliitwa "dakika tatu" na wakili wao, na "dakika kumi" na wa serikali. Nilikaa nikitamani kusimama niulize: kwani mdogo wangu alizitumiaje? Wifi aliniambia baadaye. Alikuwa anambadilisha mtoto nepi.

Bi Mkubwa

Wanangu, kwetu Waislamu Qurani, Surat al-Baqara aya ya 178, inaweka kisasi kuwa haki ya wenye damu, na hapohapo inafungua mlango wa kusamehe na kulipwa diya, yaani fidia ya damu. Nalileta kwa sababu nililiishi.

Kaka yangu aliuliwa na rafiki yake, ugomvi wa mpira. Wazee wa pande zote mbili wakakaa. Baba akasamehe mbele ya watu, akapokea. Alisema hataki mama mwingine alie. Basi watu wakamsifu hadi leo. Lakini mdogo wetu wa mwisho hakuwahi kugusa hata senti, wala hakuingia kwenye chumba kilichojengwa kwa fedha ile. Alikuwa analala sebuleni. Baba alikufa wakiwa hawasemezani. Mnaposifu familia imesamehe, mjue familia si mtu mmoja.

Upande wa Pili

Nimeusoma uzi huu kuanzia juu nikawa naogopa kuandika. Mimi ni dada wa aliyeua.

Sina utetezi wa kuleta. Kaka yangu alimuua kijana wa watu kwa sababu alicheka. Alidhani anachekwa yeye. Nililala na huyo mtu chumba kimoja utotoni, alikuwa anaogopa giza, nilikuwa namshika mkono. Siku hiyo nilimpoteza na sikuruhusiwa kulia, na wala sidai kwamba ningestahili kulia. Mama aliacha kutoka nje. Alipofariki, walikuja kumzika watu kumi na moja. Niliwahesabu.

Ndiyo, kaka Jabali, mimi ndiye ninayepeleka sabuni.

Ngazi ya Tatu

Sasa tuwalilie na wauaji? Uzi wa wafiwa huu. Nenda kafungue wako.

Mwanzisha mada

Ngazi ya Tatu, mada niliianzisha mimi, na huyu dada abaki. Wewe hujasema hata umefiwa na nani.

Jabali

Dada wa sabuni, sikukusudia wewe. Niliandika nikimfikiria yeye. Endelea kupeleka. Mimi siwezi kusema zaidi ya hapo.

Mpita Njia

Mnanikumbusha wazazi wa Amy Biehl, mwanafunzi wa Kimarekani aliyeuawa na kundi la vijana Gugulethu, Afrika Kusini, 1993. Vijana wanne waliofungwa waliomba msamaha kupitia Tume ya Ukweli na Upatanisho, wazazi hawakupinga, wakaachiwa 1998. Wawili kati yao baadaye walifanya kazi kwenye mfuko ulioanzishwa kwa jina la binti huyo. Inawezekana basi.

Tone la Mvua

Inawezekana kwa wao. Ninaogopa mifano hii ikishafika msibani. Leo inasimuliwa kama ajabu, kesho mjane anaulizwa mbona wewe hujafika huko. Wale wazazi walichagua wenyewe, na kulikuwa na nchi nzima iliyokuwa inajaribu kutoka kwenye ubaguzi. Yule binti wetu aliuawa na mwanamume aliyekataa kuachwa. Mama yake apatane na nini?

Karani Mstaafu

Hapo umesema kweli. Niliwahi kumwona mchungaji akimshika mama mkono auweke kwenye mkono wa mshtakiwa, pale kwenye korido, watu wanatazama. Yule mama alinawa mikono bombani mpaka askari akamfungia maji.

Mwanzisha mada

Nimechelewa kurudi, poleni. Nimesoma yote, mengine mara mbili.

Upande wa Pili, nina la kukuambia. Siku ya pili ya msiba, mama wa yule kijana alikuja akasimama nje ya uzio wetu. Hakuingia na hakuna aliyemwambia ingia, hata mimi. Alisimama mpaka jua likamzidi, akaondoka. Mwaka jana tulikutana kwenye foleni ya hospitali, viti vimejaa isipokuwa kimoja, kando yangu. Akakaa. Hatukusalimiana. Jina lake lilipoitwa hakusikia, nikamgusa bega. Ndiyo yote. Sijui kama huo ni msamaha, na msiniambie kwamba ndio.

Jabali, sijakataa unachotaka. Kuna siku nami nakitaka, hasa asubuhi. Kwa sasa ninachofuatilia ni lile la mzee wetu karani, nijulishwe siku ya kutoka. Barua nimeipeleka wiki hii, wakanigongea muhuri wa kupokea.

Mtoto wa mdogo wangu sasa ana miaka saba. Anajua baba aliuawa, ya redio hajaambiwa. Lakini juzi aliiwasha, akanitazama usoni, akapunguza sauti mwenyewe. Nikamwambia aongeze. Akaongeza kupita kiasi mpaka mama yake akapiga kelele chumbani, "Nani kafanya hivyo?"

Nikasema ni mimi.