Sola za polima: ziendelee kupewa fedha za umma, au tuachane nazo?

Wakuu, nazungumzia sola zinazotengenezwa kwa polima, yaani plastiki inayoweza kupitisha umeme. Msimamo wangu nautoa mapema: ziendelee kupewa fedha, ila kwa sharti.

Hoja ninayokutana nayo kila mara ni kwamba silikoni, malighafi ya paneli nyingi za sola, imeshashinda. Paneli zake za kawaida hugeuza zaidi ya asilimia 20 ya mwanga kuwa umeme na nyingi hupewa dhamana ya miaka 25, sasa plastiki ya nini? Siidharau hoja hiyo. Lakini inapima kila sola kana kwamba lazima ikae juu ya paa.

Tuangalie zilikotoka. Mwaka 1986 Ching Tang, mtafiti wa kampuni ya Kodak, alieleza seli ya sola ya tabaka mbili za kikaboni (yaani za molekuli za kaboni) iliyogeuza takriban asilimia 1 tu ya mwanga kuwa umeme. Leo za maabara zimefika karibu asilimia 20. Kikwazo kilikuwa kwamba mwanga ukigonga polima, elektroni haitoki huru. Inabaki imeng'ang'aniana na nafasi chanya iliyoiacha, na jozi hiyo husafiri nanomita 10 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) kabla ya kupotea. Dawa ikawa kuchanganya kabisa polima na molekuli nyingine za kaboni, ili popote jozi inapozaliwa, mpaka wa kuitenganisha uwe jirani. Mchanganyiko huo unapakwa kama wino. Kwangu mimi huu ni ugunduzi mkubwa.

*Mchangiaji:*

Mkuu, rekodi nyingi za maabara ni za vipande vidogo kuliko ukucha. Kampuni ya Konarka ya Marekani ilizichapa sola hizi juu ya plastiki, ikafilisika mwaka 2012. Oksijeni, unyevu na miale ya urujuanimno vinazila. Kwa nini mlipa kodi abebe hasara hiyo tena?

*Mwanzisha mada:*

Kwenye uimara hatubishani, na ndilo sharti lenyewe. Fedha za umma ziende kwenye kuzifanya zidumu, kutengeneza vipande vikubwa, na kuachana na viyeyusho vyenye sumu vya kutengenezea wino huo, kama klorobenzini. Kukimbizana na nusu asilimia ya rekodi, hapana.

Ila kuna kuta na mapaa mepesi yasiyohimili uzito wa vioo vya silikoni. Kuna nyumba za vioo za kuoteshea mimea, zinazohitaji sola inayopitisha sehemu ya mwanga. Kuna vihisi vidogo vinavyoishi kwa mwanga wa taa za ndani, na humo polima zinafanya vizuri sana. Kihisi cha namna hiyo hakihitaji miaka 25. Tukifunga maabara kwa sababu ya paa, hizo kazi nyingine tutampa nani?