Mrejesho: mapezi ya kiyoyozi yamenyooka, ila si yote

Ndugu zangu, asanteni sana. Niliwauliza nifanyeje na kiyoyozi cha dukani kwetu hapa Kampala: mvua ya mawe ililaza mapezi ya mashine ya nje, yaani vile vibati vyembamba vya alumini vinavyopitisha hewa katikati yake, hewa ikawa haipiti na ubaridi ukapungua.

Nimetumia kichana cha mapezi, kifaa cha kuyanyooshea chenye vichwa vya meno ya nafasi tofauti. Aliyesisitiza meno yalingane na nafasi za mapezi, Mungu ambariki, maana hilo ndilo jambo lenyewe. Kichwa cha meno 14 kwa inchi kiliingia bila kulazimisha. Cha 12 kilikwaruza tu. Nilizima umeme kwenye swichi kuu, nikavaa glovu, nikatoa vumbi jekundu kwa brashi laini, kisha nikaanzia juu palipo pazima na kushuka polepole. Alumini ile ni nyembamba mno, ukiharakisha inachanika.

Sehemu kubwa imenyooka, na upepo wa moto unatoka kwa nguvu tena. Kona ya chini, yalikopondeka kabisa, kichana kilishindwa. Nilijaribu kuyafungua moja moja kwa kisu butu cha mezani, baadhi yakakatika, basi nimeyaacha. Kusuuza, mpira wa maji wa kawaida ulitosha; mashine ya presha ya kuoshea magari sikuigusa, kama mlivyonionya, kwani hulaza mapezi upya. Duka linapoa vizuri sasa.