Hospitali ya kisiwani: boti ya rufaa kwanza, au chumba cha dharura?

Mwanzisha mada: Fedha zinatosha kitu kimoja: boti ya kasi ya kuvushia wagonjwa, au kukitengeneza chumba cha dharura. Mimi nasema chumba. Bahari ikichafuka boti haiendi, na aliyekosa pumzi hangoji maji yatulie. Mwaka 2019 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio la kuhimizana kujipima huduma za dharura. Basi tupime: mtu akiingia mlangoni, dakika ngapi hadi aguswe?

Mtoto wa Bahari: Chumba cha nini ikiwa waliomo wanachati? Mama yangu kawekwa kwenye benchi anahema, nesi kainamia simu. Boti ingekuwepo tungeshavuka.

Zamu ya Usiku: Pole kwa mama, kaka. Lakini hilo la kuchati limeniuma. Usiku niko peke yangu, wodi na dharura. Daktari nampata kwa simu hiyo hiyo, tena kwa salio langu. Dozi ya mtoto naihesabia humo.

Mtoto wa Bahari: Dada, nilikuwepo. Alikuwa anacheka. Nani anayecheka na dozi?

Fundi Mitungi: Mnagombania simu, mimi niwaambie nilichokiona. Nimeitwa usiku, mgonjwa midomo imeshabadilika rangi, mtungi wa oksijeni umejaa, spana ya kuufungulia haipo. Iko stoo, mwenye ufunguo kalala kwake. Na kwenye fomu ya ukaguzi wiki hiyo walishatia tiki: oksijeni ipo. Ukaguzi gani huo? Mkaguzi aseme "washa niione".

Mwanzisha mada: Hapo ndipo ninapopataka. Kuwapanga wagonjwa kwa rangi za uharaka, nyekundu kwanza, kisha njano, kisha kijani, hakuhitaji jengo jipya. Mama yule angepewa nyekundu asingekaa benchi. Na yale mafunzo ya msingi ya dharura ya Shirika, ya 2018, yameandaliwa kwa wanaofanya kazi bila mashine kubwa.

Mkunga Mstaafu: Wanangu, boti msiidharau. Mzazi akihitaji upasuaji na hapa hakuna wa kumtia usingizi, rangi hazimsaidii. Ila asipandishwe botini kabla damu haijazuiwa. Nimewasindikiza, najua.

Zamu ya Usiku: Shikamoo mama. Na akisindikizwa, hospitali anabaki nani? Mimi huyo huyo.

Mtoto wa Bahari: Simu zikusanywe mwanzo wa zamu, hilo halina gharama.

Zamu ya Usiku: Zikusanye, kaka. Kisha uniletee mwenzangu wa zamu, na simu ya mezani inayofanya kazi.

Mtoto wa Bahari: Mwenzako nakubali. Kicheko kile bado nakisikia, dada.

Fundi Mitungi: Spana sasa nimeifunga kwa mnyororo, shingoni mwa mtungi. Aliyeko zamu ajaribu kuufungua leo.